UZI: Unakuja Tanzania masika inaanza? Usiahirishe, geuza ratiba

Dereva wa Ngarenaro (mleta uzi)

Habari za Jumapili wakuu, na mlioko nje salamu huko huko mliko.

Kila ikifika Februari swali linakuja lile lile. Mtu yuko Ujerumani, yuko Maskati, yuko Nairobi, mwingine yuko hapa hapa Dar, ameshakata tiketi ya mwisho wa Machi au wiki ya kwanza ya Aprili, halafu kuna ndugu kamwambia masika hiyo inaingia, hutaona kitu, ahirisha. Na kuna wa upande wa pili, huyu kauziwa safari na ajenti ambaye neno mvua hakulitamka kabisa, ratiba ni ile ile ya Agosti imebadilishwa tarehe tu. Huyu wa pili ndiye anayeniuma zaidi, manake anakuja na hela aliyoidunduliza, anakwama njiani, anakosa ndege, anarudi kwao anasema Tanzania hovyo. Nchi haina kosa hapo, kosa ni la aliyempangia.

Mimi ni dereva wa utalii, niko Arusha, nafanya kazi mwaka mzima masika kwa kiangazi. Nasema wazi, mwanzo wa masika ni wakati mzuri wa kuja, ila usije na ratiba ya kiangazi. Watu wote wamezoea pori kwanza bahari mwisho. Ukija kuanzia katikati ya Machi geuza, bahari kwanza, pori baadaye, na ongeza usiku mmoja wa akiba kabla ya ndege ya kurudi. Naeleza kwa nini.

Mvua ya kwetu haishuki nchi nzima siku moja. Jua linavuka ikweta karibu na tarehe 20 Machi likielekea kaskazini, na ukanda wa mawingu ya mvua unalifuata nyuma, unapanda kutoka kusini. Kwa hiyo Mbeya, Iringa, Njombe, Ruvuma, Lindi, Mtwara, na kule kati Dodoma na Singida, wao wana msimu mmoja tu, Novemba mpaka Aprili hivi, Machi wanaelekea kumaliza. Sisi wa Arusha, Kilimanjaro, Tanga, Dar na visiwani tuna vuli Oktoba hadi Desemba na masika Machi hadi Mei. Na masika ikianza haianzi kwa kumwaga, wiki za mwanzo utapigwa leo, kesho na keshokutwa jua kali, halafu tena. Bara mvua inapenda kuja mchana kuelekea jioni na radi zake, inapiga saa moja mbili inaondoka. Pwani mara nyingi inashuka usiku na alfajiri, lakini ikikolea Aprili inaweza kuganda mawingu siku nzima. Aprili ndiyo mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote Unguja, wastani wake unapita milimita 300. Sasa mtu anayemaliza wiki yake ya bahari tarehe 10 Aprili akiwa kajifungia chumbani anaangalia dari, angeipata bahari hiyo hiyo tarehe 20 Machi imetulia.

Serengeti ya kusini hali ni tofauti. Ile nyika iko nyuma ya milima ya Ngorongoro, mawingu yanayotoka bahari ya Hindi yanamwaga sehemu kubwa ya maji yake upande wa huku Karatu na kwenye msitu wa ukingoni, kule ng'ambo yanafika yamepungua. Ndiyo maana ukivuka ukingo na kuteremka upande wa pili unakuta nyasi fupi na migunga badala ya msitu. Nyumbu wanazaa kuanzia mwisho wa Januari, Februari kilele, ikifika mwisho wa Machi ndama wameshakomaa miguu na bado wako Ndutu, kule kusini mwa Serengeti, na kwenye nyika za jirani na mama zao, maana udongo ule ni majivu ya volkano za zamani, nyasi zake zina madini ambayo mama anayenyonyesha anayatafuta. Wanaanza kuondoka madimbwi yakikauka, kwa kawaida Aprili mwishoni au Mei, wanapita Moru wanaelekea magharibi upande wa Grumeti. Kwa hiyo unayekuja mwanzo wa masika hujachelewa kabisa, na magari yamepungua.

Kuna kitu Machi mwisho kinanifurahisha kila mwaka. Mvua inakukuta katikati ya nyika, huna pa kwenda, unafunga paa la gari, unazima injini mnasubiri. Vioo vinaingia ukungu, watu wanakula njugu, radi inatembea. Ikikatika unafungua paa, hewa haina hata chembe ya vumbi, unaona mpaka milima ya mbali ambayo Agosti huioni kabisa. Safari moja tulikaa namna hiyo karibu na Naabi, lango la kuingilia Serengeti, tulipofungua tukamkuta duma jike juu ya kichuguu si mbali na sisi, ameloa, manyoya yamegandamana, anakung'uta paja moja kisha jingine, na watoto wake wawili wako chini wanajilamba matope vidoleni. Alikaa pale mpaka alipokauka. Gari lilikuwa la kwetu peke yake.

Nipo, ulizeni.

Kijana wa Kasarani

Mkuu asante sana kwa hii. Niko Nairobi, sisi ni marafiki wanne, tunataka kuingia na Prado yetu kupitia Namanga, Arusha, Ngorongoro mpaka Ndutu, wiki ya mwisho ya Machi. Gari ni foo wili na iko poa, nimeiendesha Maasai Mara mara mingi. Kuna shida yoyote?

Dereva wa Ngarenaro

Karibu sana jirani. Namanga Arusha ni lami, Arusha Makuyuni Karatu mpaka geti la Lodoare la kuingilia Ngorongoro ni lami, hapo huna shida. Baada ya Lodoare lami inakwisha na ndipo maisha yanabadilika.

Nikupe picha ya barabara. Kwanza unapanda ukingo wa kreta, mita 2,200 na zaidi kutoka usawa wa bahari, masika pale ukungu unashuka mpaka humuoni aliye mbele yako, washa taa na usipige kona kwa haraka, malori na mabasi yanapita pale pale. Halafu kuna baridi, wageni wanashangaa, wanakuja na kaptula tu kwa sababu wameambiwa Afrika joto. Kisha unateremka bonde la Malanja, unapita njia panda ya Oldupai, unakwenda Naabi. Kiangazi hii njia ni vumbi na mawe, masika ni mifereji, na mahali ambapo lori lilikwama jana leo kuna shimo limejaa maji, huoni kina chake. Usiingie kwenye maji usiyojua kina. Simama, shuka, tazama wenzako wamepita wapi.

Ukishafika Ndutu nyika yenyewe ya majivu haishiki sana, inakunywa maji haraka. Hatari iko kwenye mabonde, kingo za ziwa Ndutu na ziwa Masek na ile mbuga ya chini yenye udongo mweusi. Udongo mweusi ukiwa mkavu umepasuka nyufa, ukinyeshewa unavimba, unaingia kwenye kashata za tairi unajaza zote, tairi linabaki laini kama limepakwa grisi, hapo foo wili zote nne zinazunguka na gari linashuka tu. Ukikwama usikanyage mafuta kwa hasira, unajichimbia kaburi. Zima, punguza upepo wa tairi, piga jeki juu ya ubao mpana (bila ubao jeki itazama yenyewe), jaza mawe au mbao chini ya tairi, kisha toka taratibu gia ndogo. Matawi ya hifadhi usikate. Na kabla hujashuka angalia mara mbili pande zote, simba wanapenda sana vichaka vya pale.

Ushauri wangu wa kweli kabisa, Prado yako iache Karatu au Arusha, chukueni gari na dereva anayepajua, au kama lazima mwendeshe wenyewe basi mtembee magari mawili ili moja livute jingine. Kuujua Mara hakukusaidii Ndutu, udongo na vichochoro ni vingine. Na tairi ziwe na kashata, zile za vipara usithubutu.

Mwana Jambiani

Assalaam alaykum jamani. Mie niko Unguja, nataka nichangie la bahari maana kaka hapo juu kasema kweli na watu hawaelewi.

Huku kwetu kaskazi inavuma toka Disemba mpaka Machi hivi, halafu kusi inaanza Aprili kwenda mbele. Hapo katikati ndipo tanga mbili, upepo hauna msimamo na siku nyingine haupo kabisa, bahari inalala. Wanaokuja kwa ajili ya kaiti (kuteleza baharini kwa tiara) Paje watakasirika maana upepo umekwisha, lakini wanaopenda kuzamia na kuogelea ndio wakati wao, maji yana joto na unaona chini vizuri kabla mvua hazijaanza kuteremsha matope kutoka mabondeni. Anayetaka papa potwe aende Mafia kabla Machi haijaisha, msimu wao ni Oktoba mpaka Machi, akija Aprili atawakosa.

Kingine, chagua upande. Huku mashariki, Jambiani, Paje, Bwejuu, maji yakitoka yanatoka mbali sana, unatembea mpaka unachoka. Mgeni akiangukia siku ya mvua na maji yametoka anaona kama hana bahari. Nungwi na Kendwa maji hayatoki sana, unaoga saa yoyote. Lakini huku kwetu kuna maisha, nawaomba msikose. Ukulima huu wa mwani ulianza huku Paje na Jambiani mwaka 1989, na wanaolima wengi ni wanawake. Wakati huu wa mwanzo wa mvua ndio utaona kazi ilivyo. Mwani unaanikwa siku kadhaa, ukinyeshewa kabla haujakauka unapauka, chumvi inatoka, bei inaanguka. Kwa hiyo wingu likitokea kusini utasikia watu wanaitana, mama, binti, bibi, kila mtu anakimbilia uwanjani na turubai na magunia, dakika chache uwanja wote umefunikwa. Mgeni aliyekaa na kamera nampenda zaidi akiiweka chini akashika ncha ya turubai.

Hoteli zingine hufunga Aprili na Mei kwa matengenezo, na zisizofunga bei inashuka sana. Ulizeni mapema kama jiko linafanya kazi na kama wako wageni wengine, usije ukajikuta peke yako kwenye hoteli inapigwa rangi.

Mkazi wa Tabata

Wakuu samahani nitakuwa mkali kidogo. Mnawaambia watu waje, mmesahau 2024? Aprili ile Rufiji na Kibiti watu walihama nyumba zao kwa mafuriko, Mei tarehe 4 kimbunga Hidaya kikapiga Mafia, barabara ya Dar kwenda Lindi ikakatika pale Somanga, watu wamelala njiani siku kadhaa. Hapa Dar mvua kubwa ikipiga Jangwani panafungwa, Morogoro Road haipitiki, mimi natoka Tabata kwenda Kariakoo narudi nyumbani usiku wa manane. Mgeni wa kulala hotelini nzuri haoni haya, sisi tunayaona. Nadhani kuna haki ya mtu kuambiwa ukweli wote.

Dereva wa Ngarenaro

Kaka una haki na nashukuru umeyaweka. Sitaki mtu aje hajui. Yote uliyotaja ni kweli na mimi naongezea, mwaka huo huo wa 2024, kuamkia Mei mosi, mto Talek ulivunja kingo zake Maasai Mara ukazoa kambi za wageni, watu wakaokolewa kwa helikopta. Na Desemba 2023 wakati wa vuli mlima Hanang uliporomosha tope lililofunika sehemu ya mji wa Katesh, watu wetu wengi wakafa. Maji hayana mzaha.

Lakini tazama tarehe. Talek na Hidaya ni mwanzo wa Mei, Rufiji ni Aprili, yaani ni baada ya ardhi kushiba maji kwa wiki nyingi. Machi mwisho ardhi bado ina kiu. Ndiyo sababu nasema mwanzo wa masika, sisemi katikati ya masika. Anayeniuliza kuhusu Aprili 25 namjibu tofauti kabisa, namwambia subiri Juni.

Na kuna mambo matatu ambayo mgeni wangu hatoki hotelini bila mimi kuyahakikisha. Kambi isiwe kwenye kingo ya mto wala kwenye korongo, hata kama korongo ni kavu, mvua inaweza kunyesha mlimani usiyouona na maji yakakufuata ulikolala. Nasoma taarifa ya TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, kila asubuhi, wao wanatoa mwelekeo wa masika kabla msimu haujaanza, na katikati ya msimu wanatoa angalizo na tahadhari za siku tano, nikiona tahadhari kwa mkoa ninaokwenda nabadilisha, siendi kubishana nayo. Na ndege ya kurudi nyumbani haikatwi siku ile ile ya kutoka porini. Hii ya tatu ndiyo maajenti wanaikataa kwa sababu ule usiku wa akiba unaongeza bei na mteja anakwenda kwa jirani anayeuza rahisi. Nimembeba mama mmoja na mumewe, wamepangiwa asubuhi Seronera katikati ya Serengeti, jioni ndege uwanja wa Kilimanjaro (KIA). Kiangazi hiyo inawezekana ukiamka mapema. Siku ile lori lilikuwa limelala katikati ya barabara chini ya Malanja, foleni ya magari pande zote, sisi tumekaa pale mpaka jua linazama. Yule mama alikuwa na harusi ya mtoto wake kwao keshokutwa yake. Alilia kwenye kiti cha nyuma na mimi sikuwa na cha kumwambia. Ajenti aliyepanga ile safari hajawahi kupita ile barabara mwezi Machi, nina uhakika.

Kuhusu Dar, mgeni asilale Dar bila sababu. Afike, apande boti au ndege, avuke. Na kama lazima alale, alale upande ule ule wa mji anaoondokea kesho yake.

Mkazi wa Tabata

Sawa mkuu, hapo kwenye tarehe nimekuelewa. Hiyo ya Machi na Mei watu wengi wanaita masika tu wanaweka fungu moja.

Mmaskati

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi niko Maskati, wazee wetu wametoka Unguja, mama ana miaka mingi hajaenda. Nimefurahi kuona mada hii maana sisi huku Oman tunafunga safari makusudi kuifuata mvua, watu wanajaa Salalah khareef ikiingia Juni mpaka Septemba, manyunyu na ukungu na majani, familia nzima zinakwenda na mahema. Kwa hiyo mimi mvua siiogopi, watoto wangu wataifurahia. Swali langu ni mama, ana tatizo la magoti, na pili Ramadhani, na tatu malaria. Tunafikiria kuja baada ya Idi.

Mwana Jambiani

Waalaykum salaam kaka, karibuni nyumbani, na mama tunamngoja kwa hamu.

Kuhusu magoti, Mji Mkongwe wakati wa mvua vichochoro vinateleza na ngazi za zile nyumba za zamani ni ndefu na nyembamba. Usimchukulie chumba juu, omba cha chini au pahala penye lifti. Mkae mjini siku mbili tatu, Darajani asubuhi mapema kabla mvua haijashuka au baada ya kukatika, mnunue samaki, ndimu, mkate wa mofa. Forodhani usiku mvua ikinyesha wauzaji wanakunja meza, basi msihesabu kula pale kila siku. Usiku kama huo nenda kwa jamaa, mama atakuwa na watu wengi wa kuwatembelea na mvua ndiyo kisingizio kizuri cha kutolewa chai ya pili.

Ramadhani miaka hii imekuwa ikiangukia Februari na Machi, kwa hiyo baada ya Idi utakuta mwanzo wa masika hasa. Mmefanya vizuri. Ila Pasaka nayo iko karibu, watu wa Dar na Nairobi wanavuka wengi, ulizia tarehe hizo ndio uchukue chumba. Boti tiketi ikisitishwa kwa upepo usigombane na mtu wa dirishani, Julai 2012 MV Skagit ilizama karibu na Chumbe upepo ukiwa mkali, tulizika watu wengi. Bora ulale.

Malaria huku imeshuka sana lakini haijakwisha, na nyie mmekaa mbali muda mrefu, miili imesahau. Wape watoto dawa ya kinga aliyoandika daktari, chandarua kila usiku hata kama chumba kina kiyoyozi, na jioni nguo za mikono mirefu. Mbu huzidi wiki kadhaa baada ya mvua za mwanzo, madimbwi yakishatulia.

Dereva wa Ngarenaro

Dada kamaliza. Mimi naongeza la bara kwa Mmaskati. Kama mtapanda kuja huku na mama, msimpitishe ile barabara ya Malanja kwa gari, mrusheni kwa ndege ndogo mpaka Ndutu au Seronera. Ila zile ndege mzigo kwa kawaida ni kilo 15 na begi liwe laini, sanduku gumu linakataliwa, na uwanja ukiwa umelowa rubani anaweza kutua uwanja mwingine, kwa hiyo dereva wenu awe na simu yenye chaji na muwe na subira. Ngorongoro kreta anaweza kushuka kwa gari bila shida.

Na msibebe mifuko ya plastiki ya kubebea, imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, wanakagua uwanjani. Kwa kulinda simu na kamera tafuta begi lisilopitisha maji, linatosha. Koti la mvua linalofika magotini ni bora kuliko mwamvuli, mwamvuli upepo wa Karatu unaugeuza. Viatu jozi mbili, moja ikilowa haikauki kesho.

Kijana wa Kasarani

Mkuu tumeongea na wenzangu, tumekubali gari ibaki Karatu. Sasa bei, huo msimu kuna nafuu ama ni hadithi tu? Na Tarangire tuiweke?

Dereva wa Ngarenaro

Nafuu ipo ila haianzi siku moja kila mahali. Kwa wageni wa nje ya Afrika Mashariki kiingilio cha Serengeti kimekuwa kikishuka kutoka dola 70 kwenda 60, kabla ya VAT, kuanzia Machi 15 mpaka Mei 15. Nyie wa Afrika Mashariki mnalipa kwa shilingi na ni kidogo sana, kwa hiyo kwenu gharama kubwa ni gari na malazi. Loji nyingi zinahesabu msimu wa chini kuanzia Aprili mosi, na Ndutu wanashika bei ya juu mpaka Machi iishe kwa sababu ya nyumbu. Ukisogeza usiku wa Serengeti uangukie Aprili mbili tatu na wa Karatu ubaki Machi unaweza kuokoa hela nzuri. Muulize kila mmoja tarehe yake, usiulize tu "bei ya masika".

Tarangire kiangazi tembo wanajazana mtoni kwa sababu maji yako pale tu. Mvua ikianza maji yako kila mahali, wanatawanyika nje ya hifadhi, na nyasi ni ndefu. Kwenu ningeweka asubuhi moja kwa ajili ya mibuyu na ndege, au ningeiruka niongeze usiku Ndutu. Ndege kweli ni wengi, madume ya kweche yamevaa nyekundu, na korongo weupe wanaotoka Ulaya bado wako nyikani wanajikusanya kuondoka.

Nyerere na Ruaha kwa wakati huu sishauri, kambi nyingi zinafunga Aprili na Mei na njia za ndani hazipitiki. Mikumi mnaweza kuipitia kwa sababu lami inakatiza katikati, ila uwanda wa Mkata unashika maji.

Binti Uyole

Wadau msisahau huku kwetu jamani, kila mtu Serengeti na Unguja! Kitulo, huku nyanda za juu kusini, wakati huu ni maua, watu wanaiita Bustani ya Mungu, imekuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 na kilichowekwa pale kulindwa ni maua yenyewe, okidi za kila rangi. Maua yako Desemba mpaka Aprili, kwa hiyo anayekuja mwisho wa Machi anayawahi. Mvua ipo ndiyo, na baridi kali, asubuhi mikono inakufa ganzi, barabara ya kupanda kutoka Chimala kwenda Matamba ina kona nyingi sana na inateleza, chukueni dereva wa huko huko. Lakini sisi mvua yetu inaelekea kuisha wakati nyie mnaanza. Na mahindi mabichi njiani, kuanzia Igurusi unakula tu, moshi wa jiko, limao na chumvi ya pilipili.

Dereva wa Ngarenaro

Binti umenikumbusha vizuri. Huko panafaa hasa kwa mtu aliyewahi kuja, kaona wanyama, anataka kitu kingine. Barabara kuu ya kwenda Mbeya ni lami, inakufikisha Chimala bila shida.

Mmaskati

Ndugu swali la mwisho, mwanangu mkubwa anataka kupanda Kilimanjaro wiki ya kwanza ya Aprili. Anafanya mazoezi.

Dereva wa Ngarenaro

Mwambie hapana, asubiri Juni mwishoni. Aprili ni mwezi wa mvua nyingi upande wa kusini wa mlima, Machame na Umbwe msitu mzima ni tope, juu theluji mpya inafunika njia, na wapagazi ndio wanaoumia zaidi, wanabeba mizigo iliyolowa na wengi hawana nguo za kubadilisha. Kama hawezi kabisa kubadili tarehe, apande Rongai, inaanzia kaskazini upande wa Kenya, ni pakavu kuliko kwingine kwa sababu mlima unakinga mvua, na kabla hajalipa aulize wapagazi watalala kwenye hema gani na wamepewa makoti. Akijibiwa kwa kusitasita atafute kampuni nyingine.

Wakuu naingia barabarani kesho, mtandao Ndutu ni wa kubahatisha. Kijana wa Kasarani nitumie tarehe zenu kamili ujumbe wa ndani nikupangie usiku wa akiba uangukie wapi. Nikirudi nitaweka hapa hali ya barabara ya Naabi ilivyo.